Mluzi wa Kwenye Upara

Idara ya Wanyamapori, ghorofa ya pili
3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekauka, maana nasikia mvua ya huko mlimani haijui kupumzika. Mimi ni mzima, ila nina uchovu ambao kulala hakuuondoi. Ukarani ulionisukuma niuombe haunipigi wala haunitukani, lakini kila asubuhi nikisikia viatu vya Mkurugenzi kwenye ngazi, nasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Bado niko kwenye majaribio. Juzi nilikosea neno moja nikalirekebisha mwenyewe, kisha nikashinda kutwa nikingoja mtu aje kuniuliza.

Nimewekwa chini ya Mtaalamu wa ndege. Ni mama wa makamo, mkali kwa kazi na mpole kwa watu, na chai yake hupoa mezani kwa sababu husahau kuwa ameiagiza. Mimi naandika kwa usafi yale anayoyakwangua kwenye vipande vya karatasi. Kwa hiyo sasa nazijua habari za ndege wako kuliko ulivyowahi kunisimulia.

Nikueleze ninavyoelewa, nawe unisahihishe. Zamani ndege hawa walikuwa wamoja. Watu wakakata miti ya mgongo wa mlima mpaka ukabaki upara, na ndege wa msituni havuki nyasi tupu hata umbembeleze vipi. Waliobaki kaskazini wakaishia kuwa na koo la njano, wa kusini wakawa na koo la kijivu. Nyimbo nazo zikaachana. Kinda hujifunza kuimba kwa baba yake, kila upande ukakosea kwa namna yake na kurithisha kosa lake, mpaka leo jike la Njano akiimbiwa na dume la Kijivu ni kama ameimbiwa na mlango. Si kwamba hawawezi kuzaa pamoja. Hawasikilizani tu. Na wasiosikilizana wakikaa muda mrefu, vitabu vinawaandika kuwa nususpishi mbili, yaani matawi mawili ya aina moja.

Sasa upara umepandwa miti na pande zote mbili zimekutana hapo. Mtaalamu amerekodi huko juu wimbo ambao si wa Njano wala si wa Kijivu: sauti tatu zinazopanda, kimya kifupi, kisha moja ndefu inayoshuka. Majike wa pande zote wanausogelea. Anasema mambo ni mawili. Ama hawa ndio mwanzo wa nususpishi ya tatu, yenye wimbo wake na ukuta wake; ama ni machotara watakaowayeyusha Njano, ambao tayari ni wachache, ndani ya Kijivu kama sukari ndani ya chai. Ikiwa ni la kwanza, msitu wa upara utalindwa, nao wachimba mawe wanaouomba watanyimwa. Ikiwa ni la pili, Mkurugenzi ataamuru ndege wote wenye wimbo huo wakamatwe kabla ya msimu wa kutaga.

Wewe ndiye unayewalisha ndege wa kituo. Umewahi kuusikia wimbo huo?

Jambo jingine. Hapa ofisini sijamwambia mtu kuwa mhudumu wa ndege wa mlimani ni dada yangu. Si aibu, Dada. Ni ule woga wangu wa siku zote, kwamba kitu chochote kikijulikana kinaweza kuulizwa.

Mdogo wako,
Karani

*

Kituo cha mlimani
15 Machi

Bwana Karani, mdogo wangu,

Marahaba. Mvua hapa imekuwa mpangaji: haihami wala haina haya. Bati la jikoni linavuja palepale ninaposimama, na nikisogea, tundu nalo linasogea.

Unaogopa viatu vya mtu? Tangu utotoni wewe ulikuwa ukitumwa chumvi unauliza kwanza kama dukani kuna mbwa. Mkurugenzi hang'ati. Na kama anang'ata, wewe huna nyama ya kumshibisha. Kula vizuri, usiite chai kavu chakula.

Umeeleza vyema habari za Njano na Kijivu, sina la kusahihisha. Labda uongeze ile dhoruba ya mwaka ulipoanza masomo ya juu, iliyoangusha viota miteremko yote miwili. Makinda waliletwa kwangu ndani ya makapu, wa kaskazini na wa kusini wamechanganyika, na wote wakiwa uchi kama vidole. Hakuna aliyejua nani ni nani mpaka makoo yalipoota manyoya. Nikawalea, wakavishwa pete miguuni, wakaachiwa kwenye upara kama tulivyoagizwa. Hilo liko wazi, na huyo Mtaalamu wako analijua.

Wimbo unaouulizia sijui niseme nini. Huku kila kitu kinaimba, hata mifereji. Ndege ni ndege.

Mikono imenipasuka tena kwa kushika maji. Nimechoka, lakini uchovu wangu naufahamu, tumezoeana. Wako ndio unaonitia wasiwasi.

Dada yako

*

Idara ya Wanyamapori
28 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Mtaalamu alinivalisha spika za masikioni ili nisikilize ule wimbo mwenyewe, niache kuuandika kama kipofu anayeandika rangi. Akabonyeza. Sauti tatu zikapanda, kimya, kisha ile ndefu. Kabla haijamaliza kushuka nilikuwa nimeshasimama, nimesukuma kiti nyuma.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

Sikujua nakwenda wapi. Nikasema nakwenda kunywa maji. Nikasimama kwenye ujia nimeshika ukuta, nikaelewa kwamba miguu yangu ilikuwa inakwenda nyumbani kula.

Ni mluzi wa baba. Baba amesimama mlangoni, vidole viwili mdomoni, na sisi popote tulipo tunaacha mchezo bila kugeuka kumwangalia. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumsikia akiita watoto wake namna hiyo. Na baba hakuwahi kukanyaga mlima huo.

Dada, niambie nimekosea. Niambie ndege waliupata wenyewe na mimi nimepagawa kwa kukosa usingizi. Mtaalamu ameshaanza kuniambia niandike "nususpishi mpya" kwenye rasimu. Mwezi ujao rasimu hiyo inakwenda kwa wataalamu wenzake wa nje, na jina lake litakuwa juu yake.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

*

Kituo cha mlimani
9 Aprili

Mdogo wangu,

Hujakosea.

Makinda wale walikataa kula. Nilijaribu kibanio, nikajaribu kijiti, nikajaribu kugonga ukingo wa kapu kama nilivyofundishwa. Midomo imefungwa, na wengine walianza kupoa. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa wadudu waliosagwa. Nikapiga mluzi. Sikuuchagua, mdogo wangu. Mtu akichoka, anachokitoa ni kile kilichoingia kwanza. Na wao wakafungua midomo wote kwa pamoja, Njano na Kijivu, kapu zima likawa jekundu kwa makoo.

Basi nikaendelea kila lisho. Sikuwa nafundisha kitu. Nilikuwa naita watoto kula.

Walipoachiwa nilidhani wataenda na kusahau. Msimu uliofuata nikiwa nachota maji nikausikia juu ya mti. Nilibaki nimesimama, ndoo inafurika miguuni. Nilijua inanipasa kusema kituoni. Sikusema, kwa sababu baba yetu alikuwa amekufa na asubuhi ile aliniita. Akaniita na kesho yake. Wewe ungekwenda kwa msimamizi umwambie nini?

Sasa sikiliza. Funga mdomo. Ukiufunga, msitu utalindwa, ndege watabaki walipo, nami nitabaki nilipo. Huu si uongo wa kumla mtu. Nimekulea tangu hujaweza kufunga vifungo vya shati, sijawahi kukuomba kitu. Hiki ndicho.

Na uache kuogopa mambo ambayo hayajatokea. Utachoka kabla hayajafika.

Dada yako

*

Idara ya Wanyamapori
24 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimesema.

Nimeanza na hilo ili usilitafute ndani ya barua. Nilikaa na ombi lako kifuani, nikajitahidi. Lakini kila siku Mtaalamu alinipa ukurasa mwingine, na kila ukurasa jina lake lilikuwa chini. Nikaona hao wenzake wakija na mashine zao, wakisikiliza, wakiuliza ndege hawa walilelewa na nani. Wangefika mlangoni kwako wewe. Nikajiambia ni afadhali tuseme kabla hatujasemwa. Hiyo ndiyo sababu ninayopenda kuikumbuka. Sababu nyingine ni kwamba niliogopa kwa ajili yangu, na sitaificha, maana wewe ungeiona tu.

Nilimkuta anapanga picha za makoo mezani. Nikasema, "Mama, ule wimbo naujua."

"Kila mtu hapa anaujua, tumeusikiliza mpaka tumeota nao."

"Ni mluzi wa baba yangu."

Akaniuliza kama baba aliwahi kufanya kazi mlimani. Nikasema hapana, ila mhudumu wa ndege wa kule ni dada yangu, na nikamweleza habari ya makapu na njaa. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwisho akasema, "Kwa hiyo nimepanda mlima miaka yote hii kwenda kumgundua mzee wako." Sikujua kama inaruhusiwa kucheka. Yeye hakucheka.

Hakunifokea, Dada. Ningefurahi angenifokea. Aliniambia nifute maneno "nususpishi mpya" mahali pote, nikafuta, kisha akaenda mwenyewe kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi ndiye aliyecheka. Alisema, "Kumbe tuna nususpishi ya jikoni." Halafu akatoa uamuzi. Ndege wote wenye wimbo huo wakamatwe na kufungiwa, ili Njano wabaki safi. Maombi ya wachimba mawe yatafunguliwa upya. Mtaalamu alibisha, wakabishana mlango umefungwa, alitoka amechoka kuliko alivyoingia. Alichopata ni kimoja tu: watakaokwepa nyavu wasipigwe risasi. Anakuja huko mwenyewe na nyavu.

Na kwa kuwa wanakuja kwa mluzi, ni wewe utakayewaita.

Amri hiyo nimeiandika mimi kwa mikono hii. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuiandika. Nilipofika kwenye cheo chako, vidole viligoma, nikaviamuru.

Nisamehe. Au usinisamehe, ila niandikie.

Mdogo wako

*

Idara ya Wanyamapori
10 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimeuliza posta wakasema njia ya mlimani imekatika kwa maji, nikawashukuru kama watu walionipa zawadi.

Mtaalamu ameondoka na kiti chake kiko wazi. Mkurugenzi hajanifukuza, ameniambia tu kwamba mtu mkweli ni mtu wa kuangaliwa. Sielewi kama hiyo ni sifa.

Nitumie hata matusi. Nitajua mwandiko wako.

Mdogo wako

*

Nyumba ya wageni, chini ya mlima
2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba zote unazonidai. Njia haikukatika. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, usiisingizie posta.

Mtaalamu alifika akiwa amelowa mpaka soksi. Nilimpa kiti karibu na jiko, nikarudi kwenye sufuria zangu. Alikaa akikamua soksi. Hatimaye akaniambia, "Mdogo wako alitetemeka alipokuwa ananieleza. Lakini alimaliza." Nikamjibu kwamba wewe hutetemeka hata ukipokea pongezi. Hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

Kulipopambazuka bila mvua tukapanda kwenye upara, yeye, mimi na vijana wawili wa nyavu. Nikapiga mluzi. Wenye pete wakaja. Wamezeeka, mdogo wangu, mmoja haoni jicho la kushoto. Walitua begani na mikononi, wakafungua midomo kama makinda, wakangoja nilichowaitia. Hapakuhitajika wavu wowote. Niliwachukua mmoja mmoja kwa mkono na kuwatia kizimbani, nao hawakunidonoa. Nilitamani wanidonoe.

Kizimba kilipofungwa, Mtaalamu akasema, "Na wengine." Wengine ndio wale wasio na pete, waliozaliwa msituni na hao wenye pete. Ndio wengi. Vijana wakainua nyavu. Nikapiga tena.

Hawakutua. Mmoja alinijia usoni kwa kasi, nikainama, akapita na kitambaa changu cha kichwa. Wa pili akanipiga sikioni. Kila mti ukaanza kupiga ule mluzi, si kwa upole wa kuitana, bali kwa ukali, mmoja akimdakia mwenzake. Nilikinga uso nikidhani nimewaudhi kwa kuwafungia wazazi wao. Mtaalamu akawaambia vijana, "Shusheni nyavu." Kisha kwangu, "Piga tena, tafadhali." Nikapiga, nikapigwa.

Akasema, "Hawa hawakuja kula. Hawajui kama mluzi huu una chakula ndani yake. Kwao wewe ni dume lililoingia kwenye eneo la wenyewe. Wanakufukuza."

Dada yako, kwa umri huu, kuitwa dume. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Sikumbuki nilicheka lini kabla ya hapo.

Tulikaa huko siku kadhaa. Alinionyesha kiota, mama akiwa na koo nusu njano nusu kijivu, ametulia juu ya mayai, na mumewe akiimba ule wimbo juu ya kichwa chake. Dume la Kijivu likaja likaimba lake, jike hata shingo hakugeuza. Mtaalamu alimtazama muda mrefu. Nilimuuliza kama basi sasa ni nususpishi mpya. Akasema hajui. Kama majike wote wa upara watakuwa kama huyu, wasiomsikiliza ila wa kwao, utakuwa ukuta wa tatu, na nyuma ya ukuta ndiko aina mpya huota. Kama watasikiliza kila anayepita, upara utakuwa daraja, na Njano na Kijivu watachanganyika mpaka wasijulikane. Itachukua misimu mingi na huenda yeye hatakuwapo. Nikamwambia mwanzo wake ni mimi na wadudu waliosagwa, si kitu cha asili. Akanijibu, "Njano na Kijivu nao walitenganishwa na mashoka ya watu. Hakuna anayewaita ndege wa mashoka."

Alimwandikia Mkurugenzi, akaweka jina lake lote chini, kwamba waliozaliwa msituni hawatakamatwa, na kwamba mtu akitaka kuwakamata atafute mtaalamu mwingine. Barua hiyo hukuiandika wewe kwa kuwa aliiandika kwa mkono, jikoni kwangu. Majibu yamerudi. Wataachwa, na mawe hayatachimbwa wakati wanachunguzwa. Wenye pete watabaki kizimbani wakitunzwa mpaka uzee uwamalize.

Limebaki moja, na hili hakuliamuru Mkurugenzi. Mtaalamu aliniuliza mwenyewe kama naweza kuondoka mlimani, na ilimchukua jioni nzima kulifikia. Ndege waliozaliwa msituni wanatakiwa wajifunze kwa baba zao tu. Maadamu mimi niko pale na mluzi wangu, hakuna atakayejua kilichotoka kwao na kilichotoka kwangu. Alisema naweza kukataa. Nilimwambia nitafua nguo kwanza, kisha nitamjibu. Nilipomaliza kuanika nikamwambia nakubali.

Kwa hiyo nakuja. Barua hii nampa dereva wa lori atangulie nayo, nataka uisome kabla hujaniona, usije ukaanza kuomba radhi mlangoni majirani wakisikia. Sijakusamehe bado. Niwekee godoro, si lile lenye shimo katikati.

Nimeshuka leo na mizigo yangu kwa njia inayopita pembeni ya upara. Hakuna mvua, na sauti ilikuwa inafika mbali. Niliitwa mara mbili. Mara ya pili midomo ilikuwa imeshajikunja yenyewe, nikaifunga kwa kiganja.

Sikuitika.

Dada yako